Nataka kidimbwi, mume anaogopa mbu

SWALI: Shikamoo anti, nina kauwanja nyuma ya nyumba hapa Tanga, nataka nichimbe kidimbwi ndege waje kunywa ila mume wangu anasema ntafuga mbu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, chimba tu. Yai la mbu kwa joto la pwani huchukua kama siku 7 mpaka 10 kuwa mbu kamili, sasa ukiweka perege wadogo wanawala viluwiluwi kabla hawajaruka. Upande mmoja panga mawe yashuke taratibu, ndege mdogo anataka asimame maji yamguse miguu tu, kina kirefu anakiogopa. Majini weka mayungiyungi, ila gugumaji hata ukipewa bure kataa, Ziwa Victoria limeteseka nalo mno! Pembeni panda shubiri, ndege wale chozi wanapenda sana mbochi yake, yaani maji matamu ya ndani ya maua. Dawa za wadudu usipulize hapo, na kama una watoto wadogo funika wavu imara.