Mfalme hakulengwa tangu mwanzo, 1789
Je, mapinduzi ya Ufaransa yalianza kwa nia ya kumng'oa mfalme? Hapana, hayakuanza hivyo. Mwaka 1789 wanamapinduzi walitaka katiba, kodi iidhinishwe na wawakilishi wa wananchi, na misamaha ya kodi ya makasisi na makabaila ifutwe. Itazame Katiba ya 1791: ilimbakiza mfalme Louis wa 16 kwenye kiti, tena na kura ya turufu, ingawa ya kuchelewesha sheria tu, si kuiua. Kilichomharibia ni kutoroka kwake Juni 1791, akakamatwa katika mji wa Varennes, kisha vita na Austria mwaka uliofuata. Jamhuri ikatangazwa Septemba 1792. Ila wachache, kina Condorcet, mwanafalsafa na mwanasiasa, walianza kuidai jamhuri mara tu baada ya Varennes.