Testosteroni 2.6 na alama ya L: soma karatasi yote kabla ya sindano

Mkuu, nimesoma swali lako. Una miaka 34, umeoa mwaka jana na mnatafuta mtoto. Uchovu hauishi na hamu imeshuka. Ukapima testosteroni, ile homoni ya kiume, saa kumi jioni ukitoka kazini, ikaja 2.6 ng/mL, maabara wanasema kawaida ni 2.8 hadi 8.0, pembeni wamekugongea L (yaani "low", chini), na jamaa wa duka la dawa ameshakwambia uanze sindano. Mimi si daktari, ila njia hiyo nimeipita, na daktari wa homoni alikaa na karatasi yangu akanisomesha mstari kwa mstari.

Achana na L kwanza, tazama saa. Testosteroni hupanda ukiwa usingizini, asubuhi ndiyo iko juu, halafu hushuka jinsi siku inavyokwenda, hasa kwa vijana. Chakula nacho huishusha kwa muda. Sasa wewe umetolewa damu jioni na tumboni kuna wali wa mchana. Rudia kati ya saa moja na saa nne asubuhi, hujala kitu, hata chai usinywe, na usiku uwe umelala. Kama umetoka kuugua malaria au homa yoyote kali, subiri upone kabisa kwanza. Hiyo ya asubuhi ikiwa chini, irudie tena siku nyingine, maabara ileile. Zikiwa chini zote mbili na dalili zipo, hapo sasa kuna la kuzungumza.

Halafu vizio ambavyo namba imeandikwa. Karatasi yangu ya kwanza ya jioni ilikuwa 2.4, ya asubuhi hospitali nyingine ikaja 11.6. Mke wangu akacheka, "Baba nanihii, umekula nini?" Kumbe ya pili ilikuwa kwa nmol/L. Ya ng/mL unaizidisha kwa 3.47 upate nmol/L, au kwa 100 upate ng/dL. Kwa hiyo ile 11.6 ni kama 3.3 tu kwa mizani yako, na 2.6 yako ni 260 ng/dL, sawa na 9.0.

Hata mstari wa "chini" wataalamu hawajakubaliana upite wapi. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2018: madaktari wa homoni walitaja 264 ng/dL kwa vijana wasio wanene, wale wa mfumo wa mkojo wakaweka 300. Wewe na 260 yako ya jioni uko pale pale mlangoni.

Kilichonisaidia mimi ni SHBG. Hiyo ni protini inayobeba testosteroni kwenye damu. Testosteroni iliyo huru kabisa, isiyoshikwa na protini, ni kama asilimia 2 tu. Kitambi na kisukari cha aina ya pili huishusha SHBG, na jumla ya testosteroni inashuka nayo, wakati ile huru inaweza kuwa sawa tu. Yangu ilikuwa hivyo. Daktari akapiga hesabu ya ile huru, akaona haina neno, akanigeuzia karatasi upande wa kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Tatizo lilikuwa huko. Uzito ulipopungua, testosteroni ikapanda bila dawa.

Kama kweli ni ya chini, omba LH na FSH, homoni ambazo tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huzituma kuziamsha korodani. Zikiwa juu, ubongo unapiga kelele na korodani hazijibu. Huko utaulizwa kama uliwahi kuugua matubwitubwi yakashuka hadi korodani, au kuumia. Zikiwa chini, au za kawaida tu wakati testosteroni iko chini, shida iko juu, kwenye tezi ya pituitari au kinachoibana: prolaktini (homoni ya maziwa) iliyozidi, unene, au dawa ya maumivu kama tramadol. Wanaomeza tramadol "kuchelewa kumaliza", mwambieni daktari ukweli.

Sasa hiyo sindano. Testosteroni ya nje inazima LH na FSH, na bila hizo korodani zinapunguza mbegu, kwa wengine hadi sifuri. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume, miligramu 200 kila wiki, na ilizuia mimba kweli. Ndiyo unayotaka kuchomwa huku mnatafuta mtoto! Ukiacha mbegu hurudi, ila kwa miezi mingi, na wengine zaidi ya mwaka. Kwa hali yako omba kipimo cha mbegu kwanza. Na anayetibiwa kihalali hupimwa wingi wa chembe za damu mara kwa mara, maana damu inaweza kuwa nzito. Sijui huyo wa duka atakupimia wapi.

Ukiona kichwa kinauma mfululizo, macho hayaoni vizuri pembeni, au chuchu zinatoa maziwa, usingoje kurudia chochote, nenda hospitali wiki hii. La sivyo kapime asubuhi, ulete namba hapa pamoja na saa uliyotolewa damu na kiwango kilichoandikwa na maabara yenyewe.