Niache magugu gani bustanini?

SWALI: Bwana shamba, habari za kazi. Nina bustani ya uani hapa Morogoro: nyanya, sukuma wiki, na mistari miwili ya mahindi kando ya uzio. Kila Jumamosi nang'oa chochote nisichopanda. Sasa udongo unapasuka, na mvua ikinyesha juu panaganda kama sakafu. Shangazi ananiambia niache baadhi ya magugu. Ni kweli? Niache yapi?

JIBU: Nzuri, dada. Msikilize shangazi, ila usiyaache yote.

Kinachougandisha udongo wako ni uwazi. Tone la mvua likigonga ardhi tupu huvunja chembechembe za udongo, vumbi lake laini likaziba matundu, na jua likikausha panakuwa gamba. Kwa hiyo gugu lililokatwa kabla ya kutoa mbegu ni mali: lifyeke usawa wa ardhi, mizizi ibaki iozee humo humo, majani yawe matandazo kwenye mashina ya sukuma wiki. Isipokuwa kongwa, lile lenye maua ya buluu. Kipande chake kibichi kikigusa udongo wenye unyevu kinaota upya, basi likaushe juani kwanza.

Wiki nne za mwanzo baada ya kuhamisha miche, palilia bila huruma. Mche mdogo hauwezi kushindana kwa maji wala mbolea. Ruhusa ya magugu inaanza mmea ukishashika, na zaidi kwenye njia na pembezoni kuliko ndani ya tuta.

La kwanza kukaribisha ni mgagani. Mama yangu, Mpwapwa, hakuwahi kuupanda; ulijiotea penye samadi, naye alipalilia kwa kuuzunguka. Mimi nilitoka chuoni nikaung'oa wote nikidhani namsaidia, na msimu ule tulinunua mboga. Acha miche michache ikomae na kudondosha mbegu. Harufu yake pia huwafukuza utitiri wekundu, kwa hiyo karibu na nyanya hauna ubaya. Mchicha pori nao uache, uchume ukiwa mchanga.

Mnafu ni mboga nzuri, lakini ni ndugu wa nyanya. Kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, anazaliana humo, na ugonjwa wa bakajani unaupata vilevile. Ukiutaka, uweke upande wa pili wa nyumba. Pika majani, na watoto wasile matunda mabichi ya kijani, yana sumu.

Kishona nguo kina maua ambayo nyuki wanayapenda, pamoja na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Hata vidukari wake wana kazi: wanawavuta wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, ambao baadaye huhamia kwenye sukuma wiki yako kula vidukari wa huko. Lakini mizizi yake hufuga minyoo fundo inayovimbisha mizizi ya nyanya. Kiwe uzioni tu, na ukikate maua yakianza kunyauka, kabla ya zile mbegu za sindano zinazonasa nguoni.

Sasa yale ya kufukuza. Ndago usiipige jembe: chini ina vinundu vilivyoungana kama shanga, na kila kinachokatika kinaota peke yake. Chimbua kwa uma, okota vinundu, vianike. Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe, ling'oe ukivaa glavu kabla halijachanua, maana linawasha ngozi na kubana kifua. Mbuzi wakilila, maziwa yanakuwa machungu.

Kwenye mahindi, chunguza kiduha. Ni kidogo, kina maua ya zambarau, na mtu anaweza kukiacha kwa uzuri wake. Kinanyonya mizizi ya mahindi tangu hakijatokeza juu, na mbegu zake, laini kama vumbi, hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Ukikiona, king'oe kabla hakijachanua, ukichome. Msimu ujao panda kunde mahali hapo badala ya mahindi: mizizi yake huziamsha baadhi ya mbegu za kiduha, nazo zikikosa mahindi ya kunyonya zinakufa.