Mdalasini kwa mgonjwa wa kisukari: soma kabla hujampa mama kijiko

Mleta mada, umeuliza kama mama yako wa Makambako, ambaye yuko kwenye vidonge vya kisukari, aanze kijiko cha mdalasini asubuhi na jioni halafu vidonge aviweke pembeni. Vidonge asiache. Hilo nakuomba sana, hata kama mengine hutasoma.

Mimi nauza viungo Mwanjelwa, Mbeya, na mama yangu mkubwa kule Tukuyu anaugua kisukari, kwa hiyo swali hili nakutana nalo mezani na nyumbani.

Wanaosema mdalasini unashusha sukari hawajatunga. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Pakistan: wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walipewa gramu 1, 3 au 6 kwa siku 40, na sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ikashuka. Habari hiyo ilienea kila kona. Ambayo haikuenea ni kwamba waliofanya majaribio mengine walipata majibu yanayopishana, na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walipoyakusanya majaribio 10 mwaka 2012 waliona ushahidi hautoshi kuufanya mdalasini kuwa tiba.

Sasa hatari. Mama mkubwa anameza glibenklamidi, kidonge kinacholisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari. Jirani akamletea mdalasini wa unga, akawa anakoroga kijiko kwenye maji ya moto kila asubuhi, na chai ya asubuhi akaiacha kwa kuwa aliambiwa tumbo liwe tupu. Siku moja wakamkuta shambani ameketi kwenye tuta, jasho linamtiririka na baridi yote ile ya Tukuyu, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Kumtoboa kidole, kipimo kikasoma 2.9, na chini ya 4 tayari sukari imeshuka. Mjukuu akamnywesha soda, taratibu akarudi. Siapi kwamba ni mdalasini peke yake, maana kidonge hicho bila chakula kinatosha kumwangusha mtu. Ila ukikiongezea kitu kingine kinachoweza kushusha sukari, tena bila kliniki kujua, unamweka mzazi pabaya.

Halafu kuna ini, na hapa ndipo wateja wangu wengi hushangaa. Mdalasini si wa aina moja. Ule wa China, Indonesia na Vietnam, unaoitwa kasia, una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini la baadhi ya watu. Kiwango ambacho wataalamu wa Ulaya wanakiona salama kila siku ni miligramu 0.1 kwa kilo ya uzito, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Gramu 2 hivi za kasia zinaweza kufika hapo, na hizo hazijazi hata kijiko cha chai. Vijiko viwili kila siku kwa miezi ni vingi mno. Pilau ya sikukuu haina neno.

Jamii ya Sri Lanka ina kumarini kidogo sana. Kijiti chake ni matabaka membamba yaliyoviringishwa pamoja kama sigara, ukikibonyeza kinavunjika. Kasia ni ganda moja gumu lililojikunja pande zote mbili. Lakini usiamini macho tu: mdalasini wa Zanzibar na Muheza ni jamii hiyo ya Sri Lanka, ila mara nyingi unatufikia ukiwa ganda nene. Muulize muuzaji mzigo umetoka wapi, na asiyejua usinunue kwake kitu cha kumpa mgonjwa.

Unga ndiyo usiseme. Ukishasagwa huwezi kujua ni aina gani wala kilichochanganywa ndani. Mwaka 2023 huko Marekani watoto walikutwa na madini ya risasi kwenye damu baada ya kula tufaha zilizopondwa zenye mdalasini wa unga. Nunua vijiti, saga nyumbani.

Mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito, na anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) wasiguse dozi za vijiko kabla ya kuongea na daktari.

Kwa mama yako, kipande kidogo kwenye chai isiyo na sukari ni sawa kabisa. Akitaka zaidi ya hapo, aende kliniki na huo mdalasini mkononi, aseme anataka kutumia kiasi gani, na apimwe sukari mara kwa mara siku za mwanzo. Na yule mchangiaji aliyekushauri uchanganye na asali, usimfuate. Asali ni sukari.