Kupiga picha za maisha ya kila siku Dodoma: jibu kwa mgeni wa mji anayetaka kuanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, una simu na akiba ya milioni moja, ununue kamera gani. La pili, umehamishiwa Dodoma na huoni cha kupiga, maana hakuna bahari wala mji mkongwe. Nianze na hilo la pili, kwa sababu ndilo litakaloamua la kwanza.

Cha kwanza Dodoma ilichonacho ni mwanga, tena mkali. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, na kiangazi unaweza kumaliza wiki hujaona wingu la maana. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua likichomoza linapanda moja kwa moja. Walimu wengi wa YouTube wako Ulaya na Marekani, na mwanga laini wa asubuhi kwao unakaa sana. Hapa jua linatoka kati ya saa 12:10 na 12:50 asubuhi kutegemea mwezi, na ikikaribia saa 2 ule ulaini umekwisha. Jioni ni hivyohivyo, ukizubaa giza limeingia. Kwa mfanyakazi wa ofisini hii ni bahati: saa nzuri ni zile za kabla ya kazi na baada ya kazi.

Mchana nao usiutupe. Jua la saa 6 linamfanya mtu awe na mashimo meusi machoni na paji la uso linalong'aa kwa jasho, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaoumia zaidi. Dawa yake ni kivuli. Mtafute mtu aliyekaa chini ya mwarobaini au kwenye kibaraza, karibu na pale kivuli kinapoishia, uso wake ukielekea uwanja wenye jua. Udongo wetu mwekundu unarudisha mwanga kwa chini na uso unapata rangi ya joto ambayo huwezi kuinunua dukani. Mimi picha zangu ninazozipenda zaidi nimezipiga hivyo, saa ambazo wengine wanasema hazifai.

Halafu ujue kamera inavyofikiri. Yenyewe inapima mwanga wote ulio mbele yake na kutaka picha iwe ya wastani. Ukimpiga mtu mbele ya ukuta mweupe au anga, inaona weupe umezidi, inapunguza, na uso wa mtu unakuwa kama kaa la mkaa. Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha vuta alama ya jua juu au chini mpaka uione ngozi vizuri. Anga likiungua kidogo, yaani likiwa jeupe tupu, liache liungue. Fanya hilo mpaka kidole kikumbuke chenyewe, ndipo uanze kuwaza kamera.

Sasa cha kupiga. Ushauri wangu ni huu, na ndio ninaoushikilia kuliko mengine yote: chagua sehemu moja na urudi hapohapo. Mimi yangu ilikuwa mashine ya kusaga, mtaa wa Chang'ombe. Ukiingia asubuhi mwanga unapita mlangoni, unga unaelea ndani yake, na yule kijana wa mashine ana kope nyeupe pe. Kina mama wamepanga foleni ya ndoo na viroba, mmoja anauliza kama yake inakobolewa au inasagwa dona, mwingine kajishika kiuno anautazama mkanda unavyozunguka. Siku za mwanzo kila nikiinua simu kijana alikuwa anaacha kazi, ananyooka, anakaa mkao wa picha ya kitambulisho. Nikaenda kusafisha ile picha aliyonyooka, nikampelekea. Akaibandika kwenye boksi la swichi. Tangu hapo nikiingia hashtuki, anaendelea kumimina mahindi, na mikono yake naipata ikifanya kazi yake hasa.

Ndiyo maana nasema tenga hela ya kusafisha picha kabla ya hela ya lenzi. Watu wamezoea kupigwa na wapita njia na hawazioni tena picha zao. Wewe ukirudi nayo mkononi, umeshakuwa mtu wa pale. Na mtaani usianze na kamera, anza na salamu. Ukitoka nje ya mji, Mvumi au Chamwino, wazee wa Kigogo wasalimie "Mbukwenyi", kaa kwanza, eleza ulichofuata. Akikataa, mshukuru na uhifadhi simu mfukoni. Watoto, mwombe mzazi. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake, kwa hiyo usikimbilie kuirusha mtandaoni. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, na majengo yenye walinzi usiyaguse kabisa. Mji huu umejaa hayo.

Ukichoka na sehemu yako, yapo mengine. Soko la Majengo asubuhi bidhaa zikishushwa. Soko la wazi la Machinga barabara ya Bahi, ambako vivuli vya paa vinachora mistari kwenye nguo za mitumba. Zabibu Hombolo na Makutupora, na uzuri ni kwamba hapa zinavunwa mara 2 kwa mwaka, ukikosa msimu mmoja huhitaji kungoja sana. Ukibahatika kukuta ngoma ya muheme, kina mama wakiwa na ngoma katikati ya mapaja, hapo ndipo utajifunza kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie, kuliko darasani: 1/500 ya sekunde inawagandisha hewani, 1/30 inaiacha mikono ikimbie huku kichwa kikiwa kimetulia. Mimi napenda hiyo ya pili.

Kamera basi. Kaa na simu miezi kadhaa kwanza. Ukiona unakwama kwenye giza au kwenye vitu vinavyokimbia, tafuta iliyotumika, jamii ya Nikon D3300 au Canon 700D, na lenzi moja isiyovuta: 35mm f/1.8 kwa Nikon, 24mm f/2.8 kwa Canon (mm ikiwa ndogo lenzi inaona eneo pana zaidi, f ikiwa ndogo inaingiza mwanga mwingi zaidi). Wengi watakwambia 50mm kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini kwenye kamera hizi inakuvuta karibu mno; ndani ya chumba cha mpangaji au kibanda cha mama ntilie utagonga mgongo ukutani. Kabla hujalipa, piga picha ya anga ukiwa f/16 uikuze: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Na kwa upepo wetu wa Agosti hadi Oktoba usibadilishe lenzi nje hata siku moja. Vumbi litoe kwa pampu ndogo ya mpira, siyo kwa kupuliza na mdomo, mate yanaganda.

Kama unakaa upande wa Ilazo au Kisasa, niambie inbox, nikuelekeze ninakosafishia picha zangu, maana si kila studio inatoa ngozi nyeusi bila kuifanya kijivu. Na ukianza, weka hapa picha 3 za sehemu moja, tuzijadili.