Ukirudi kwenye blogu, usituombe radhi

Blogu nyingi zinazofufuka hapa Nairobi huanza na chapisho lilelile: "Najua nimepotea sana, maisha yalinishika, lakini sasa nimerudi kwa kishindo!" Halafu kimya tena, mwaka mzima. Kama unanuia kurudi kuandika, chapisho hilo liruke. Wengi waliokuwa wakikufuata zamani walitumia Google Reader, programu ya kusomea blogu nyingi mahali pamoja, nayo ilifungwa Julai 2013, wakatawanyika. Anayefika kwako leo katafuta jambo fulani kwenye intaneti, likamleta kwako, wala hana habari kwamba ulinyamaza. Ukianza kumwomba radhi unakuwa kama mgeni rasmi aliyechelewa harusini, kisha anashika kipaza sauti nusu saa akieleza foleni ya Mombasa Road.

Kabla ya kuandika lolote, hakikisha bado unaweza kuingia. Blogu yangu niliisajili kwa laini ya simu niliyoiacha kitambo. Sasa, laini ikilala muda mrefu kampuni ya simu humpa mtu mwingine, kwa hiyo kila nilipojaribu kuingia, zile tarakimu za kuthibitisha zilikuwa zikimwendea mama mmoja kule Molo. Nikampigia.

"Ni wewe unanitumia hizi namba usiku?"

"Ndiyo mama, samahani. Naomba tu unisomee ya mwisho."

"Kijana, waambie wenzako huko gereza la Kamiti kwamba mimi si mtoto wa jana."

Akakata. Na alifanya vizuri kabisa, mama yangu mzazi ningemsihi afanye vivyo hivyo. Kilichoniokoa ni barua pepe ya akiba niliyokuwa nimeiweka pale tangu mwanzo. Kwa hiyo hata kama huna mpango wa kuandika mwaka huu, ingia leo ubadilishe namba.

Kama ulikuwa na anwani yako mwenyewe, iwe ya .com au ya .co.ke ambazo husimamiwa na KeNIC, shirika la anwani za .ke, kagua kama bado ni yako. Ada ya mwaka isipolipwa anwani hurudi sokoni, na yeyote anaweza kuichukua. Usishangae ukikuta jina lako sasa linauza kamari. Ikitokea hivyo nenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za intaneti, ambayo iko wazi kwa umma tangu 2001 na haitozi kitu. Andika anwani yako ya zamani uone walichohifadhi. Maandishi mara nyingi utayapata, picha ni bahati yako. Nakili kila unachokikuta.

Rangi na muonekano wa blogu, achana navyo kwa sasa.

Kazi yenyewe inaanza hapa: chemsha chai, keti, soma ulichoandika zamani. Mimi maoni yangu ya siasa yalinichosha kabla sijafika katikati, kwa sababu ni maoni ambayo mtu yeyote mwenye redio angeweza kuyatoa. Lakini kulikuwa na chapisho fupi la 2017 kuhusu unga. Mei mwaka huo serikali ilitia ruzuku, pakiti ya kilo mbili ikashuka hadi Sh90, na dukani kwetu Umoja mteja aliruhusiwa pakiti moja tu. Majirani wakawa wanapanga foleni na watoto wao, kila mtoto kashika noti yake ya mia, na asiye na mtoto anaazima wa jirani. Niliandika kama mzaha. Kisha Julai 2022 pakiti hiyohiyo ikapita Sh200, serikali ikaishusha tena hadi Sh100 kwa wiki chache, na watu wakawa wananitumia lile chapisho la zamani wakiuliza kama kweli ilikuwa hivyo. Takwimu za unga ziko kwenye magazeti. Nani alimwazima nani mtoto, hiyo haiko popote.

Mwezi uliofuata lile chapisho la unga la 2017 nilikuwa nimeandika kuhusu kabichi iliyopasua juala la plastiki njiani. Agosti 28 mwaka huohuo mifuko hiyo ikapigwa marufuku, na leo hata kueleza juala lilivyokuwa likikata vidole inabidi utafute maneno.

Kwa hiyo rudi na bei. Rudi na majina ya stesheni, nani anauza nini na kwa shilingi ngapi. Chapisho langu la kwanza baada ya kimya lilikuwa la maji. Mfereji ukitoka, kijana wa mkokoteni hapa kwetu huuza mtungi wa lita 20 kwa Sh20. Ukikauka, Sh50, na mama wa ghorofa ya tano huongeza kumi za ngazi. Chini ya kila kifuniko kijana hubana kipande cha nailoni ili maji yasimwagike kwenye mashimo, nailoni ambayo sijui huitoa wapi tangu ile marufuku. Niliandika hayo tu, nikachapisha. Niliyaandika kwenye simu, ndani ya matatu, Jogoo Road ikiwa imeshika. Usingoje kompyuta wala asubuhi tulivu, foleni ya mji huu inatosha kuandika kitabu. Ila usikae dirishani, wanaonyakua simu hawajali umefika aya ya ngapi.

Usiahidi "kila Jumatatu". Na ile idadi ya wasomaji, ifiche usiione kwa miezi ya mwanzo, maana itakukatisha tamaa bure.

Kuna jambo moja lililobadilika wakati umelala. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na taarifa za mtoto, picha yake ikiwemo, zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja hapa Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini. Wewe si shule, najua. Lakini yule mpwa uliyempiga picha ndani ya beseni la kuogea sasa ana simu yake, na rafiki zake wana zao. Pitia machapisho ya zamani, na kila penye sura au jina la mtu wa nyumbani, muulize. Wangu nilimuuliza. Akasema picha ya siku ya kwanza shuleni ibaki, nyingine zote ziondoke, na ile habari ya mbuzi nisiwahi kuirudia mbele za watu.