Ukitaka kuandika tovuti ya Game Boy, anza na betri ya kaseti

Tovuti nyingi za mashabiki wa gemu za mkononi hufa zikiwa na kurasa kumi za sifa: gemu hii tamu, ile si mbaya, nyota nne kati ya tano. Sifa hizo wameshaandika watu wengi mno. Mtu anayeingia mtandaoni usiku akiwa na kaseti ya gemu ya Pokémon Gold mkononi hana haja na nyota. Anataka kujua kwa nini kila akizima mashine, mchezo unaanza upya. Mjibu huyo kwanza.

Jibu lenyewe liko ndani ya kaseti. Gemu nyingi za Game Boy, ile mashine ya mkononi ya Nintendo, zinazohifadhi hatua za mchezaji huziandika kwenye chipu ya SRAM, na kumbukumbu ya aina hiyo hufutika umeme ukikatika. Mashine ikizimwa, chipu inalishwa na betri ndogo ya volti 3, bapa kama ile ya saa ya mkononi. Betri za Pokémon Gold, Silver na Crystal huwahi kuchoka kwa sababu betri hiyo hiyo inaendesha pia saa ya gemu. Hizo tatu hutumia CR2025. Kaseti nyingine fungua kwanza, soma namba juu ya betri, ndipo ununue. Wala si kila kaseti inayo: Tetris ya 1989 haina, Kirby's Dream Land ya 1992 haina. Ukizima alama zimekwenda, na ndivyo zilivyotengenezwa.

Kabla ya kugusa skrubu, okoa kilichomo. Kifaa kiitwacho GBxCart RW huchomekwa kwenye kompyuta kwa USB, na programu ya FlashGBX inanakili hatua zilizohifadhiwa kuwa faili. Ya Pokémon Gold ni kama kilobaiti 32. Nakili mara mbili ulinganishe. Faili zikitofautiana, miguu ya shaba ya kaseti ni michafu: isugue kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke, usome tena. Kupuliza kwa mdomo kunapeleka mate kwenye shaba, na baada ya miezi utaona kutu ya kijani.

Kaseti za Game Boy hufunguliwa kwa bisibisi maalumu iitwayo gamebit, ya milimita 3.8, za Game Boy Advance zina skrubu ya pembe tatu. Achana na ujanja wa kuyeyusha kalamu ya plastiki juu ya skrubu. Inafanya kazi mara moja, kisha skrubu inabaki na plastiki ndani ya meno na hata bisibisi halali haiingii.

Betri ya zamani imeshikiliwa na vibati viwili vilivyolehemiwa kwenye bodi. Nunua mpya iliyokwisha kuwekewa vibati kiwandani. Kulehemu moja kwa moja juu ya betri isiyo na vibati ni hatari: joto linaweza kuipasua. Chuma cha kulehemu kiwe kwenye nyuzi 350 hivi, sekunde mbili au tatu kila upande, na kibati kiinuliwe risasi ya kulehemia ikiwa imeyeyuka. Ukikivuta kwa nguvu kikiwa baridi kinang'oka na shaba ya bodi, na hapo kazi inakuwa kubwa. Fuata alama za + na − zilizochapwa kwenye bodi. Kama huna chuma wala mkono uliozoea, fundi simu mzuri anaimaliza kwa dakika chache. Mpe betri yenye vibati na picha ya bodi, maana akiachwa peke yake huenda akaikaza kwa gundi ya karatasi. Betri ya gundi huachia kaseti ikidondoka mara moja tu. CR2032 nayo ni volti 3, lakini unene wake ni milimita 3.2 badala ya 2.5, kwa hiyo ganda hubanwa.

Ukimaliza, rudisha faili, cheza kidogo, hifadhi, zima, na ujaribu kesho yake. Kujaribu baada ya dakika tano hakuthibitishi kitu.

Hapa kuna jambo ambalo kurasa nyingi zinakosea. Pokémon Ruby, Sapphire na Emerald za Game Boy Advance zina betri ya CR1616, lakini ni ya saa peke yake. Hatua zako ziko kwenye chipu ya flashi isiyohitaji umeme. Ukiona ujumbe kwamba betri ya ndani imekwisha, hujapoteza chochote isipokuwa mambo yanayofuata saa, kama matunda uliyopanda kutokua. Pokémon FireRed na LeafGreen hazina betri kabisa. Kwa hiyo ukiuziwa FireRed, ukaifungua na kukuta betri, umeuziwa bandia. Ukweli huo mmoja ukiwekwa na picha safi una faida kuliko tathmini yoyote utakayoandika.

Kwa upande wa mashine, ukurasa mmoja utoshe Game Boy Advance SP. Iliyo na kioo bora ni toleo la AGS-101, nyingine ni AGS-001. Usiamini kibandiko cha nyuma, maganda hubadilishwa. Bonyeza kitufe cha mwanga: 001 taa inazimika kabisa, 101 inapungua tu.

Sasa tovuti yenyewe. Wasomaji wako wengi watafungua kwa simu na bando la kupimwa. Picha ya simu ina MB tatu hadi tano. Picha kumi katika ukurasa mmoja zinamkimbiza mtu. Punguza upana hadi pikseli 1200, hifadhi kama WebP, aina ya faili ya picha, yenye ubora wa 75, na nyingi zitashuka chini ya KB 200. Picha ya bodi ya kaseti ikate pembeni badala ya kuifinya, ili namba za chipu zisomeke, na piga karibu na dirisha bila flashi kwa sababu risasi inang'aa.

Picha za gemu zenyewe zina kanuni tofauti. Kioo cha Game Boy ni pikseli 160 kwa 144. Kuza kwa namba kamili, mara nne iwe 640 kwa 576, bila kulainisha, na uhifadhi PNG. Ukikuza mara mbili na nusu, pikseli nyingine zitakuwa nene na nyingine nyembamba. Ukitumia JPEG, kingo zinapata ukungu.

Kurasa za HTML tupu zinatosha. Huduma ya GitHub Pages inakubali tovuti ya hadi GB 1 bila malipo, na hakuna programu-jalizi za kusasisha kila wiki. Jina la kikoa lisajili kwa jina lako mwenyewe, na barua pepe ya usajili isiwe ya kikoa hicho hicho: siku kikoa kikiisha muda, barua ya onyo itakwenda mahali usipoweza kufika. Anwani ya ukurasa ukishaitoa usiibadilishe.

Usiweke ROM, yaani nakala za gemu zenyewe, za kupakua, hata za gemu isiyouzwa tena. Mwaka 2018 Nintendo iliwashtaki wenye LoveROMs na LoveRETRO huko Marekani. Tovuti zilifungwa na hukumu ikazidi dola milioni 12. Faili ya hatua zako mwenyewe, ile ya kilobaiti 32, ni suala jingine. Iweke nakala mahali pawili, uiite kwa jina la gemu na tarehe.